Longido Ilivyonibadilisha Macho

Mimi ni mzaliwa wa Dutumi, Kibaha Vijijini, upande unaopakana na Kisarawe. Wazazi wangu walilima mpunga bondeni, mihogo na ufuta kwenye miinuko, na mimi nilishika jembe kabla ya kushika chaki. Naandika ushuhuda huu kwa sababu nilitoka kwetu nikiamini jambo moja kuhusu ardhi na nikarudi nikiamini jingine. Kilichonigeuza ni wilaya ya Longido, mkoani Arusha, nilikofundisha shule ya msingi kwa miaka mingi.

Imani niliyotoka nayo ilikuwa ya karibu kila mtu kwetu. Makundi makubwa ya ng'ombe yalianza kuonekana katika bonde la Ruvu, hasa baada ya wafugaji kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007. Wengine walikuwa wameelekezwa Lindi, wakaishia njiani, Rufiji na Kisarawe. Kwa macho yetu wote walikuwa watu wa kaskazini, ingawa wengi walikuwa Wasukuma na Wabarbaig ambao hawajawahi kuiona Namanga, mji wa mpakani na Kenya. Swali letu lilikuwa moja: kwa nini wasirudi kwao, kwenye nchi kubwa isiyo na mtu? Tulisikia kwamba huko ni mbuga mpaka macho yachoke. Kwenye ramani ya ukutani shuleni upande ule ulikuwa na majina machache yaliyotawanyika, na sisi watoto tuliamini kwamba pasipo jina hapana mwenyewe.

Nilipopangiwa kazi Longido, mama alilia kama mtu anayemsindikiza mwanawe gerezani. Nilifika mwaka mmoja kabla ya kiangazi kikuu cha 2009.

Nieleze nchi yenyewe, maana bila kuijua huwezi kuwaelewa watu wake. Ukitoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga, ukishapita Oldonyo Sambu, Mlima Meru unabaki nyuma, na mvua nayo inabaki huko. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi humwaga maji yake upande wa kusini na mashariki wa Meru na Kilimanjaro. Yakivuka kuja Longido huwa hayana kitu. Tambarare hizi mara nyingi hazipati hata milimita 500 za mvua kwa mwaka. Kwetu Pwani tungeiita hiyo njaa. Juu ya tambarare imesimama milima iliyotengana: Longido yenyewe, yenye zaidi ya mita 2,600, kisha Kitumbeine, na Gelai inayokaribia mita 3,000. Vileleni kuna misitu na ukungu, na chini hushuka vijito vinavyopotelea mchangani kabla havijafika mbali. Upande wa magharibi nchi inaporomoka ghafla kuingia Bonde la Ufa, mpaka Ziwa Natron, lililo takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni magadi makali, na humo ndimo inamozaliwa sehemu kubwa ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki yote. Kusini mwa ziwa hilo kuna Ol Doinyo Lengai, volkano inayotoa lava ya kaboneti, aina ambayo leo haitoki kwenye volkano nyingine yoyote hai duniani. Ililipuka mwaka 2007 na 2008, na nilipofika watu walikuwa bado wakisimulia majivu yalivyofunika malisho.

Maji ndiyo yanayoamua nani akae wapi. Visima ni vichache, na maji ya vingi yana floraidi kupita kiasi, ndiyo maana wanafunzi wangu wengi walikuwa na meno ya kahawia. Kina mama walitoka alfajiri na punda waliofungwa madumu, wakarudi jua likiwa utosini. Baadaye ulikuja mradi wa bomba kutoka Mto Simba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ukawapunguzia watu wa mji wa Longido mzigo huo. Vijiji vya mbali viliendelea kutegemea malambo na mito ya mchanga.

Kiangazi cha 2009 ndicho kilichonifundisha zaidi, na nisingependa kukipita haraka. Vuli ya 2008 ilikuwa haba, masika yaliyofuata nayo yakapita bila mvua ya maana. Ng'ombe walianza kuinuliwa kwa mikono asubuhi, mmoja kwa mmoja, watu wanne wakimshika mkia na mbavu ili asimame. Wengine hawakusimama tena. Wafugaji wa ng'ambo ya pili, Kenya, walivuka na mifugo yao kuja kwetu, na wetu walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda kwao, kwa sababu kila upande ulisikia fununu za mvua upande mwingine. Mpaka ule, uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, uliwagawa Wamasai wa ukoo mmoja katika nchi mbili, na katika mwaka kama huo hakuna aliyeukumbuka. Darasani kwangu viti vilibaki vitupu. Wavulana walikuwa na mifugo, mbali. Kufikia mwisho wa mwaka nilijua familia zilizokuwa na ng'ombe mia na zaidi, zikabakiwa na mbuzi wa kuhesabika. Serikali baadaye iligawa mitamba kwa familia zilizopoteza kila kitu katika wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro.

Katika miezi hiyo niliona jambo ambalo kwetu Dutumi sikuwahi kulifikiria. Chini ya mlima palikuwa na eneo kubwa lenye nyasi zilizokauka lakini bado zimesimama, na hapakuwa na mnyama hata mmoja ndani yake. Nilimuuliza mzee mmoja, laigwanani, yaani kiongozi wa kimila wa pale, kwa nini ng'ombe wafe ilhali nyasi zipo.

"Mwalimu," akaniambia, "hizo si za leo. Wazee hawajazifungua."

"Zitafunguliwa lini?"

"Tukishindwa kabisa. Kwenu mto unakaa mahali pamoja, na nyinyi mnakaa karibu yake. Huku mvua ndiyo inayotembea. Sasa nani atakaa, ikiwa mvua inatembea?"

Nikaanza kuelewa. Wana malisho ya masika, yaliyo tambarareni mbali na maji ya kudumu, yanayotumika vidimbwi vikiwa vimejaa. Wana malisho ya kiangazi, karibu na milima na visima, ambayo hayaguswi mvua ikiwapo. Wana alalili, kipande kinachotengwa jirani na boma kwa ajili ya ndama, wagonjwa na wanaonyonyesha. Mwenye kuchungia eneo lililofungwa huitwa barazani na kutozwa faini ya mnyama. Kwa hiyo sehemu niliyoiona haina mtu ilikuwa na wenyewe, sheria na tarehe. Sisi nyumbani mbegu ya mahindi huning'inizwa juu ya meko, ikafukizwa moshi, na hakuna anayeila hata siku ambayo chungu hakijainjikwa. Mgeni akiingia jikoni asingeweza kusema kwamba mahindi yale hayana kazi.

Sasa niseme habari ya sensa. Mwaka 2012 nilikuwa karani, kama walimu wengi wa vijijini. Usiku wenyewe wa sensa ulikuwa wa kuamkia Agosti 26, na swali la msingi lilikuwa jepesi kwa kulisoma: nani alilala hapa usiku huo? Agosti ni kiangazi. Vijana na baadhi ya wanaume walikuwa ronjo, kwenye kambi za muda za mifugo, nyingine zikiwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Kwa hiyo karani mwenye haraka angefika kwenye boma, akawakuta wazee, kina mama na watoto wadogo, akaandika hao, akaondoka. Nusu ya nguvu kazi ya kijiji ingekuwa imefutika kwenye karatasi. Mwenyekiti wa kitongoji alinisaidia sana. Alijua kila ronjo ilipo, na tulizifuata, wakati mwingine kwa pikipiki, wakati mwingine kwa kufuata nyayo za ng'ombe.

Boma nalo lilinitatiza mwanzoni. Kwetu nyumba moja ni kaya moja, basi. Kule ndani ya uzio mmoja wa miiba mnaweza kuwa na wanaume watatu, wake saba, na kila mke na nyumba yake, jiko lake na mbuzi wake. Mwongozo ulisema kaya ni watu wanaokula pamoja. Nikalazimika kuuliza chungu kwa chungu. Boma nililoliona kwa mbali kama kijumba kimoja kwenye mbuga, nikaliacha nikiwa nimeandika watu zaidi ya arobaini.

Umri ulikuwa kazi nyingine. Wazee wengi hawakujua mwaka waliozaliwa, ila kila mmoja alijua rika lake na marika yaliyomtangulia na yaliyomfuata, kama Makaa, Landis na Korianga. Kwa marika hayo, na kwa matukio kama Operesheni Imparnati ya miaka ya sabini, iliyowakusanya Wamasai vijijini kama sisi tulivyokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, tulipata miaka iliyo karibu na ukweli. Akina mama wengine walisita kutaja idadi ya watoto kwa sauti, maana waliona si vizuri kuhesabu kilicho hai. Mama mmoja, ambaye kila mtu alimwita yeyo, yaani mama, aliwaita watoto wake wapange mstari mbele yangu, akanyamaza. Nikahesabu mwenyewe, naye akaridhika.

Matokeo yalipotangazwa nilitafuta takwimu za Longido, kisha nikatafuta za kwetu. Longido ilikuwa na watu 123,153. Kisarawe ilikuwa na 101,598. Kibaha Vijijini, wilaya yangu, ilikuwa na 70,209. Nilizisoma tena na tena. Ile nchi tuliyoisema haina mtu ilikuwa na watu wengi kuliko Kisarawe, na wengi zaidi kuliko Kibaha Vijijini. Ni kweli Longido ni kubwa zaidi. Eneo lake linakaribia kilomita za mraba 8,000, kwa hiyo wastani ulikuwa kama watu 16 kwa kilomita ya mraba, wakati Tanzania kwa jumla ilikuwa na watu 51. Wametawanyika, hilo silibishi. Lakini wapo, na hutawanyika kwa sababu mvua yenyewe imetawanyika. Katika sensa ya 2022, iliyofanywa kwa vishikwambi, watu wa Longido walikuwa wamezidi 170,000.

Kuna ushahidi mwingine kwamba ukame na watu vinaweza kukaa pamoja. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, Engaruka, kuna magofu ya vijiji na mifereji ya mawe iliyojengwa na wakulima kati ya karne ya 15 na ya 18. Nimeitembelea na wanafunzi. Maelfu ya watu waliishi pale kwa kugawana maji ya vijito vya mlimani, kisha wakaondoka, na hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu sababu. Mtu aliyepita pale miaka mia baada yao bila kuyatazama mawe hayo angeapa kwamba pale hapajawahi kukaliwa.

Tabia ya kutoona watu ina madhara, na madhara hayo yana tarehe. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza maelfu ya Wameru kutoka Engare Nanyuki, jirani kabisa na Longido, ili mashamba yao wapewe walowezi wa kizungu kwa ufugaji. Japhet Kirilo alikwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea, na kesi hiyo ikasaidia kuamsha siasa za Tanganyika nzima. Huko Kenya, Waraka Namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe kwenye maeneo yenye mazao makubwa ya haraka, na kaskazini ikabaki bila lami kwa miongo mingi. Kaunti ya Marsabit peke yake ina kilomita za mraba 70,961. Sensa ya 2019 ilikuta humo watu 459,785, kama sita kwa kilomita ya mraba. Katiba ya 2010 ilibidi iweke Mfuko wa Usawazishaji ili kurudisha kidogo kilichonyimwa. Huko huko Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, umejengwa mradi wa umeme wa upepo wenye mitambo 365, kwenye ardhi ambayo wafugaji walisema ni malisho yao, na mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa utaratibu wa sheria.

Na sisi hapa nyumbani? Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inaposema ardhi ya jumla ni ipi, inaingiza pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumika. Nilisoma kifungu hicho nikiwa bado Longido, na moyo ulinienda mbio. Nani ataamua kwamba haitumiki? Ofisa akija Aprili kwenye malisho ya kiangazi hatakuta ng'ombe. Akija Septemba kwenye malisho ya masika, hatakuta pia. Ndiyo maana nafurahi kuona baadhi ya vijiji vya kaskazini vimechukua hati za haki miliki ya kimila kwa pamoja, kama jamii nzima, kwa ajili ya malisho. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya namna hiyo mwaka 2011, wao ambao hawalimi wala hawafugi, na ambao kwa macho ya wengi hawatumii ardhi hata kidogo.

Nimerudi Dutumi. Nikiitazama sasa, naiona kwa macho ya watu wanaoitazama kutoka Dar es Salaam, na napata hofu ile ile. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 2,024,947. Reli ya kisasa inapita katika wilaya yetu, bandari kavu imejengwa Kwala, na madalali wa ardhi wanapita na wateja kwenye magari ya vioo vyeusi. Nimewasikia wakisema, wakionesha kwa mkono: hapa hakuna mtu, chukua heka hamsini. Ni maneno yale yale tuliyokuwa tukiyasema sisi kuhusu kaskazini.

Wanachokionesha ni nini? Mengine ni mashamba yaliyopumzishwa, ambayo babu zetu waliyaacha miaka kadhaa ili udongo urudi. Mengine ni mahame. Ukiona miembe mikubwa mitatu imesimama pamoja porini, jua palikuwa na kaya pale kabla ya watu kuhamishiwa vijijini, na mara nyingi chini yake kuna makaburi. Mengine ni misitu tunayopata dawa, miti ya kujengea na, siku hizi, mkaa unaokwenda jijini bila sisi kubaki na kitu. Bonde lenyewe la Ruvu linafurika, kwa hiyo hatujengi humo, ila tunalima maji yakishuka. Mto Ruvu ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo, ambayo watu wa Dar es Salaam hunywa maji yake kila siku. Mtu wa gari la vioo vyeusi haoni hata kimoja kati ya hivyo.

Kuhusu wafugaji, sijaacha kuwa mtoto wa mkulima. Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wa mtu, huo ni wizi wa jasho, na anayefidia ni mwenye ng'ombe. Nimeliwa shamba na mimi. Lakini siwezi tena kusema warudi kwenye nchi tupu, kwa sababu nimeihesabu nchi hiyo kwa mkono wangu na ina watu. Malisho yao nayo yamepunguzwa mwaka hadi mwaka na mashamba makubwa, hifadhi na mipaka mipya. Mwaka 2000, Rudewa, Kilosa, wakulima 38 waliuawa kwa siku moja katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Kilosa si mbali na sisi. Tukiendelea kuambiana nani arudi wapi, tunaelekea huko huko.

Naomba ndugu zangu wa Dutumi, na vijiji vyote vya Kibaha na Kisarawe vilivyo na ardhi iliyobaki, tufanye mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa kuhusu ardhi, twendeni, wanawake na vijana pia, na wafugaji wanaoishi kwetu waitwe wakae humo humo. Kabla hatujakubali kumpa mtu heka, tuulize eneo hilo hutumiwa na nani masika, na nani kiangazi, na makaburi ya nani yamo. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ambao Sheria Namba 6 ya mwaka 2007 inakiruhusu kila kijiji kuutengeneza. Njia za mifugo na sehemu za kunyweshea ziwekwe kwenye mpango huo, zionekane kwenye ramani, ili mpunga ubaki salama. Mzee anayekumbuka mahame yote ya upande wake aitwe sasa hivi, aende na vijana porini, ayaoneshe moja baada ya jingine. Wazee hao wanapungua, na madalali wanaongezeka.